UZI: Kujenga na kusakinisha OpenSSL 3.5 kutoka msimbo chanzo bila kugusa OpenSSL ya mfumo

Bandiko #1 – Mleta uzi

Wanajukwaa, habari za muda huu.

Swali moja limekuwa likirudi humu kwa sura tofauti. Mtu ana seva ya zamani, tuseme CentOS 7 yenye OpenSSL 1.0.2k (OpenSSL ni maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandao), na anataka kuweka Python mpya. Python kuanzia toleo 3.10 inadai OpenSSL 1.1.1 au ya juu yake. Anaikompaili Python, kazi inaonekana imekwenda salama, lakini akiita pip (kisakinishi cha moduli za Python) anaambiwa kwamba moduli ya ssl haipo. Akiuliza, mara nyingi anashauriwa afute OpenSSL iliyokuja na mfumo na kuweka mpya mahali pake. Ushauri huo ni wa hatari, kwa sababu ssh anayoingilia kwenye seva, curl, kisakinishi cha pakiti na programu nyingine nyingi zimeunganishwa na maktaba ileile anayotaka kuifuta. Ukiiondoa, unaweza kupoteza hata njia ya kurudi ndani ya seva kurekebisha ulichoharibu.

Njia ninayoipendekeza ni kuijenga OpenSSL mpya kwenye folda yake yenyewe, programu inayoihitaji ielekezwe huko, na ile ya mfumo ibaki kama ilivyo. Nimechagua 3.5 kwa sababu ni toleo la muda mrefu: lilitoka tarehe 8 Aprili 2025 na litahudumiwa hadi Aprili 2030. Mfululizo wa 1.1.1 ulifikia mwisho wake Septemba 2023, na 3.0 unaishia Septemba 2026, kwa hiyo sioni faida ya kuanza kazi mpya juu ya hayo mawili.

Kabla ya yote, hakikisha una kompaila ya C, make na Perl 5. Wengi hushangaa Perl inatafuta nini kwenye maktaba iliyoandikwa kwa C. Ukweli ni kwamba mfumo mzima wa maandalizi ya ujenzi umeandikwa kwa Perl, na vilevile sehemu za hesabu zinazohitaji kasi kubwa, kama AES na SHA, zimeandikwa kama hati za Perl ambazo zikiendeshwa huzalisha lugha ya asembli inayofaa prosesa yako. Kwenye Debian na Ubuntu, pakiti ya build-essential inatosha kwa kuwa Perl huja nayo. Kwenye jamii ya Red Hat, Perl imegawanywa vipande vipande, na ujenzi ukikatika kwa kulalamikia IPC/Cmd.pm, kinachokosekana ni pakiti ya perl-IPC-Cmd.

Pakua faili la tar kutoka kwenye kurasa rasmi za mradi, pamoja na mafaili mawili madogo yanayoambatana nalo, yaani lile la .sha256 (namba ya kuhakiki faili) na lile la .asc (sahihi ya kidijitali). Faili la 3.5 lina zaidi ya MB 50, kwa hiyo anayetumia bando la simu alipakue moja kwa moja kwenye seva badala ya kulipitisha kwenye kompyuta yake. Kisha hakiki:

sha256sum openssl-3.5.x.tar.gz
gpg --verify openssl-3.5.x.tar.gz.asc openssl-3.5.x.tar.gz

Mahali pa x weka namba ya sasisho la karibuni kabisa, si ile uliyoikuta kwenye maelekezo ya mtu. Fahamu pia kwamba amri hizi mbili zinajibu maswali tofauti. Ya kwanza inakuambia kwamba faili halikuharibika njiani, lakini kama mtu ameivamia seva ya upakuaji, ameshaweza kubadilisha faili na namba yake ya sha256 kwa pamoja. Ya pili ndiyo inayothibitisha kwamba faili lilitiwa sahihi na mwenye ufunguo wa siri wa mradi, na ina maana kwako pale tu ambapo umeulinganisha utambulisho wa ufunguo huo na ule uliochapishwa kwenye tovuti rasmi ya OpenSSL. Ujumbe wa gpg wa "Good signature" kutoka kwa ufunguo usioujua ni wa nani hauthibitishi lolote.

Ukishafungua faili na kuingia kwenye folda, hatua inayoamua karibu kila kitu ni hii:

./Configure --prefix=/opt/openssl-3.5 --openssldir=/opt/openssl-3.5/ssl --libdir=lib shared '-Wl,--enable-new-dtags,-rpath,$(LIBRPATH)'

Nitaieleza kipande kwa kipande, kwa sababu matatizo mengi ninayoyaona humu chanzo chake ni mstari huu kunakiliwa bila kueleweka.

Kipande cha --prefix ni folda ambamo maktaba, programu ya openssl na mafaili ya vichwa vitawekwa. Usipokitaja, vitakwenda /usr/local, ambako vitachanganyika na vitu vingine, na siku ukitaka kuviondoa itakubidi uvisake kimoja kimoja. Kipande cha --openssldir ni mahali ambapo maktaba itatafuta openssl.cnf na vyeti vya mamlaka inazoziamini. Njia hiyo huandikwa ndani ya maktaba yenyewe wakati wa kukompaili, kwa hiyo ukiihamisha folda baadaye, maktaba itaendelea kutafuta mahali pa zamani.

Nimeweka --libdir=lib kwa sababu tangu 3.0, kwenye Linux ya biti 64 za x86, maktaba huwekwa kwenye lib64 usipoagiza vingine. Wapo waliohangaika kutafuta kwenye lib kitu kilichokuwa lib64 muda wote, na programu nyingine zinazojengwa juu ya OpenSSL nazo hukosea hapohapo.

Kipande cha mwisho, kile cha rpath, huacha alama ndani ya programu ya openssl inayosema maktaba zake ziko wapi. Nukuu moja za pembeni ni za lazima, la sivyo shell itaidhania $(LIBRPATH) kuwa ni amri yake na kujaribu kuitekeleza. Sehemu ya --enable-new-dtags nayo haikuwekwa kwa urembo. Bila hiyo, kwenye baadhi ya mifumo alama ya rpath huwa na nguvu kuliko LD_LIBRARY_PATH (orodha ya muda ya folda za kutafutia maktaba), na kwa kuwa majaribio huitegemea LD_LIBRARY_PATH kupata maktaba uliyoijenga muda huu, unaweza kujikuta unaijaribu maktaba ya zamani iliyokwisha kusakinishwa kwenye folda ileile huku ukiamini unaijaribu mpya.

Ukimaliza Configure, endesha perl configdata.pm --dump uyasome majibu yake. Hapo utaona jukwaa lililotambuliwa, kwa mfano linux-x86_64 au linux-aarch64, na orodha ya vilivyowashwa na vilivyozimwa. Kisha:

make -j4
make test
sudo make install_sw install_ssldirs

Nimetumia install_sw na install_ssldirs badala ya make install kwa sababu hii ya pili hujenga na kuweka kurasa zote za mwongozo, jambo linalochukua muda mrefu na ambalo seva nyingi hazilihitaji.

Kuhusu make test nina msimamo mkali. Nimeona maelekezo mengi mitandaoni yanayoiruka hatua hii ili kuokoa dakika chache. Kwa programu ya kawaida ningeweza kuelewa, kwa kuwa ikiwa na hitilafu utaiona inakwama. Maktaba ya kriptografia inaweza kuwa na hitilafu na bado ikasimba, ikasimbua na kufungua miunganisho kama kawaida, huku funguo inazozitoa zikiwa dhaifu. Subiri hadi usome "All tests successful" na "Result: PASS". Jaribio likishindwa, liendeshe peke yake kwa maelezo kamili, kwa mfano make V=1 TESTS=test_rsa test, na usisakinishe mpaka ujue sababu.

Mwisho wa hatua hii ni kuuliza /opt/openssl-3.5/bin/openssl version -a, kisha kuthibitisha kwa ldd (amri inayoonyesha maktaba ambazo programu inazitumia) kwamba libssl.so.3 na libcrypto.so.3 zinachukuliwa kutoka /opt na si kwingineko.

Bandiko #2 – Mchangiaji

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu. Nina swali la msingi: kwa nini mtu ajisumbue hivi wakati pakiti za Ubuntu au Debian zinasasishwa na wasimamizi wanaozishughulikia? Ripoti ya ukaguzi wa usalama kazini kwetu inasema seva yetu ya Ubuntu 22.04 ina 3.0.2, ambayo ni ya mwaka 2022, na imetupa alama nyekundu. Je, hiyo ni sababu tosha ya kujenga yetu?

Bandiko #3 – Mleta uzi

Swali lako ni zuri, ndugu, na jibu ni hapana. Wasimamizi wa Ubuntu na Debian huchukua marekebisho ya usalama kutoka matoleo mapya na kuyapandikiza kwenye toleo la zamani bila kubadilisha namba kuu. Kwa hiyo 3.0.2 iliyoko kwenye seva yako, kama inasasishwa, si ile 3.0.2 ya siku ilipotoka. Tazama sehemu ya mwisho ya namba ya pakiti kwa amri ya dpkg -l libssl3, kisha linganisha na matangazo ya usalama ya Ubuntu kwa kila CVE (namba ya tundu la usalama linalojulikana) iliyotajwa kwenye ripoti. Vifaa vingi vya ukaguzi husoma namba ya toleo tu na kupiga kelele.

Sababu ninazozikubali za kujenga mwenyewe ni chache: mfumo umezeeka na hauwezi kubadilishwa kwa sasa, programu yako inahitaji kitu ambacho toleo la mfumo halina, kama algoriti za kuhimili kompyuta za kwanta ambazo 3.5 imezileta, au unataka kujaribu kabla ya kuhama. Nje ya hapo, apt ndiyo njia iliyo bora, kwa sababu siku unapojenga mwenyewe, kazi ya kufuatilia kila tundu la usalama inahama kutoka kwa wasimamizi hao na kuwa yako.

Hata hivyo, pakiti za mfumo nazo hazijawahi kuwa na kinga ya makosa. Mwaka 2006 Debian waliondoa mistari kwenye OpenSSL yao kwa sababu kifaa cha kukagua kumbukumbu kilikuwa kinailalamikia. Mmoja kati ya mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza unasibu kwenye kizalishi cha namba nasibu. Kilichobaki kikibadilika kilikuwa namba ya mchakato, ambayo kikomo chake cha kawaida ni 32,768. Funguo za SSH na za vyeti zilizotengenezwa kwenye mifumo hiyo ziliweza kukisiwa zote, na jambo hilo halikutangazwa hadi Mei 2008. Programu zilikuwa zikifanya kazi muda wote huo bila dalili yoyote. Kwa hiyo unapojenga mwenyewe na kompaila ikatoa onyo, usifungue faili la msimbo kulinyamazisha.

Bandiko #4 – Mchangiaji

Mimi nilifuata maelekezo mengine ambayo hayana kipande cha rpath. Nilipoita openssl nikapata "error while loading shared libraries: libssl.so.3: cannot open shared object file". Nikashauriwa niandike folda mpya kwenye /etc/ld.so.conf.d (orodha ya folda ambamo mfumo mzima hutafuta maktaba) kisha niendeshe ldconfig, na kweli tatizo likaisha. Kuna ubaya gani katika hilo?

Bandiko #5 – Mleta uzi

Inategemea mfumo wako. Ukiwa kwenye CentOS 7 au Ubuntu 20.04, maktaba ya mfumo ina jina tofauti, libcrypto.so.10 au libcrypto.so.1.1, kwa hiyo mpya haigongani nayo. Ukiwa kwenye Ubuntu 22.04, Debian 12 au RHEL 9, maktaba ya mfumo inaitwa libcrypto.so.3, na yako inaitwa libcrypto.so.3 vilevile. Ukishaiweka folda yako kwenye ld.so.conf.d, kila programu kwenye seva inayotafuta jina hilo inaweza kupewa ya kwako, ikiwemo sshd. Baadhi ya matoleo ya OpenSSH hukagua toleo la OpenSSL yanapoanza, na yasiporidhika hujizima kwa ujumbe wa "OpenSSL version mismatch". Fikiria hilo likitokea baada ya kuiwasha upya seva iliyoko kituo cha data nchi nyingine.

Upo pia mgongano wa upande wa pili. Tuseme Python yako imeunganishwa na 3.5 kupitia rpath, lakini ndani yake unapakia moduli ya hifadhidata iliyounganishwa na libcrypto.so.3 ya mfumo. Mchakato mmoja haupakii maktaba mbili za jina moja. Iliyotangulia ndiyo inayotumika na wote. Ikitangulia ya mfumo, libssl yako ya 3.5 itakataa kwa ujumbe kwamba toleo `OPENSSL_3.2.0' au mfano wake halikupatikana. Ikitangulia ya kwako, kwa kawaida mambo huenda, kwa sababu ndani ya mfululizo wa 3 maktaba mpya hubeba alama zote za zile za nyuma. Ndiyo maana moduli za namna hiyo nashauri zikompailiwe upya dhidi ya folda ileile ya /opt, kwa kutaja PKG_CONFIG_PATH=/opt/openssl-3.5/lib/pkgconfig.

Kwa Python yenyewe, amri ni hii:

./configure --with-openssl=/opt/openssl-3.5 --with-openssl-rpath=auto

Ikimaliza kujengwa, iulize: python3 -c "import ssl; print(ssl.OPENSSL_VERSION)". Jibu likisoma 3.5, umefika.

Kwako mkuu, toa faili lako kwenye ld.so.conf.d, endesha ldconfig tena, kisha ujenge upya kwa rpath. Wakati unafanya hivyo acha dirisha la pili la ssh likiwa wazi, na usilifunge mpaka umejaribu kuingia upya kupitia dirisha la tatu.

Bandiko #6 – Mchangiaji

Nimefuata hatua zote, majaribio yamepita, lakini kila nikiunganisha na tovuti yoyote napata "unable to get local issuer certificate". OpenSSL ya mfumo kwenye seva hiyohiyo haina shida. Je, nimejenga vibaya?

Bandiko #7 – Mleta uzi

Hujajenga vibaya. OpenSSL haiji na orodha ya mamlaka za vyeti. Folda ya /opt/openssl-3.5/ssl/certs inazaliwa ikiwa tupu, na huo ni uamuzi wa makusudi wa mradi, kwa kuwa nani aaminiwe ni jambo la mwenye mfumo. Ielekeze kwenye orodha ambayo mfumo wako tayari unaisasisha:

sudo ln -s /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt /opt/openssl-3.5/ssl/cert.pem

Kwenye jamii ya Red Hat chanzo ni /etc/pki/tls/certs/ca-bundle.crt. Kiungo ni bora kuliko nakala, kwa sababu nakala haitapata mabadiliko mamlaka fulani ikiondolewa kwenye orodha. Naomba sana mtu asitatue kosa hili kwa kuzima uhakiki wa vyeti ndani ya programu yake, maana akizima uhakiki huo, mtu yeyote aliye katikati ya mawasiliano anaweza kujifanya ndiye seva ya upande wa pili, na kazi yote ya kujenga maktaba inakuwa bure.

Sasa jaribu pia hili kwenye tovuti inayounga mkono mbinu mpya:

/opt/openssl-3.5/bin/openssl s_client -connect cloudflare.com:443

Kwenye majibu tafuta mstari wa "Negotiated TLS1.3 group". Ukisoma X25519MLKEM768, maana yake ni kwamba makubaliano ya ufunguo yamefanywa kwa kuchanganya X25519 ya kawaida na ML-KEM, algoriti ya kuhimili kompyuta za kwanta ambayo NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliichapisha kama kiwango cha FIPS 203 mnamo Agosti 2024. Toleo la 3.0 halina uwezo huo.

Bandiko #8 – Mchangiaji

Kazini tunatakiwa kutimiza masharti ya FIPS (viwango vya serikali ya Marekani vya kriptografia). Nikiongeza enable-fips kwenye Configure ya 3.5, nimemaliza? Na swali la pili: baada ya yaliyotokea kwa xz (programu ya kubana mafaili iliyopachikwa mlango wa siri) mwaka 2024, kuhakiki sahihi kunasaidia nini?

Bandiko #9 – Mleta uzi

Kuhusu FIPS, enable-fips inakujengea moduli, lakini kinachopewa cheti ni moduli ya toleo mahususi, na si kila toleo limepitia uhakiki. Miongoni mwa zilizopitia ni 3.0.9 na 3.1.2. Inaruhusiwa kitaalamu kujenga moduli ya FIPS kutoka msimbo wa 3.1.2, kisha kuitumia ndani ya OpenSSL 3.5. Soma waraka wa sera ya usalama wa moduli husika kabla ya kumwandikia mkaguzi chochote.

Kuhusu xz, umegusa mahali penyewe. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalitiwa sahihi na mtu aliyekuwa na haki ya kuyatoa, kwa hiyo gpg isingemkamata. Kilichoingizwa kilijificha kwenye mafaili ya majaribio, na faili la kukiamsha, build-to-host.m4, lilikuwemo kwenye faili la tar lakini halikuwemo kwenye hazina ya Git. Andres Freund alikigundua mwishoni mwa Machi 2024 kwa sababu aliona sshd inatumia prosesa kupita kawaida. Sahihi inakulinda dhidi ya mtu wa nje anayebadilisha faili. Haiwezi kukulinda dhidi ya mwenye ufunguo aliyedhamiria mabaya. Kwa anayetaka tahadhari zaidi, achukue msimbo kutoka hazina ya Git kwa alama ya toleo husika, ahakiki sahihi ya alama hiyo kwa git verify-tag, kisha alinganishe na faili la tar kwa diff -r. Tofauti zitakuwepo, lakini ziwe zile tu unazoweza kuzieleza.

Bandiko #10 – Mchangiaji

Swali la mwisho kutoka kwangu. Sasisho jipya la 3.5 likitoka, natakiwa nianze yote upya? Na seva yangu ina RAM ya GB 1.

Bandiko #11 – Mleta uzi

Kwa RAM hiyo tumia make -j1 au -j2 na uvumilie. Ukiweza, jenga kwenye mashine nyingine yenye mfumo na toleo lilelile, kisha uhamishe folda ya /opt/openssl-3.5 nzima, kwa kuwa njia zimeandikwa ndani ya maktaba, iweke mahali palepale.

Kuhusu sasisho, jiunge na orodha ya barua ya openssl-announce ili usisubiri kusikia kwa watu. Mwaka 2014 tundu la Heartbleed lilipotangazwa tarehe 7 Aprili, toleo lililorekebishwa, 1.0.1g, lilitoka siku hiyohiyo, na waliobaki hatarini ni wale ambao hawakujua au hawakuchukua hatua. Sasisho likitoka, fungua faili jipya kwenye folda mpya ya ujenzi, tumia mstari uleule wa Configure (uhifadhi kwenye faili sasa hivi), fanya majaribio, kisha sakinisha juu ya folda ileile. Python na programu nyingine hazihitaji kukompailiwa tena, mradi umebaki ndani ya 3.5.

Zinahitaji kuwashwa upya, na hapo ndipo wengi huishia njiani. Mchakato uliokuwa ukiendelea bado umeishika maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu, hata kama faili lake halipo tena kwenye diski. Endesha:

sudo lsof | grep DEL | grep -E 'libssl|libcrypto'

Kila mchakato utakaoonekana hapo bado unatumia msimbo wenye tundu. Uwashe upya, rudia amri, na uendelee hivyo mpaka isitoe mstari wowote.